Ubao Rasmi wa Drafti kwa Wasioona

"Idara ya Burudani Jumuishi ina furaha kuutangazia umma kwamba, baada ya vikao kumi na vinne na ziara mbili za mafunzo, wasioona sasa wana ubao wao rasmi wa drafti."

Sentensi hiyo aliiandika Katibu wa Kamati, na aliipenda. Kamati ilikuwa na wajumbe tisa, wote wenye macho mazima, kwani Mkurugenzi alishaeleza kwamba kazi ya kuona mbali haiachiwi mtu yeyote tu. Kila mraba wa ubao ulikuwa na maandishi ya nukta nundu. Yalichapwa kwa wino wa dhahabu, kisha yakafunikwa kioo, yasichafuliwe na vidole.

Kikwazo kilikuwa kimoja: shangazi yake Mkurugenzi. Huyu alikuwa fundi seremala asiyeona. Kwa miaka ishirini alichonga na kuchezea mbao za drafti zenye vishimo, na kete zenye kijiti chini cha kuzishikilia, hizi za mviringo, hizi za pembe. Chama cha wasioona hakikuwa na mbao nyingine. Sasa zote thelathini zilikuwa stoo ya Idara, zimekamatwa kwa kosa la kuwa na mashimo, na kila Jumamosi wanachama walikaa ukumbini mikono mapajani. Jambo hilo lilimuuma Katibu, ila fomu haikuwa na nafasi ya kuliandika.

Siku ya uzinduzi, mbele ya wapiga picha, Shangazi aliupapasa ubao rasmi.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Mkurugenzi.

"Marahaba. Nukta ziko wapi, mwanangu?"

"Chini ya kioo. Zinapendeza, laiti ungeziona!"

"Nirudishieni mbao zangu."

"Waraka wa ubao rasmi hauruhusu. Katibu, msomee."

Katibu akasoma kwa heshima zote. Kifungu cha Saba: yeyote atakayeshindwa kucheza kwa ubao rasmi atahesabiwa hajui drafti, naye atafundishwa kila Jumamosi kwa miezi mitatu na mchezaji wa miaka kumi au zaidi, kwa vifaa atakavyochagua mwalimu.

Shangazi alimsogezea Mkurugenzi ubao. "Haya, nionyeshe unavyochezwa. Ila jifunge kitambaa, tuwe sawa."

Kamera zilikuwa zikimtazama. Mkurugenzi akajifunga kitambaa machoni, akanyoosha mkono kwa madaha. Kete mbili zikateleza hadi sakafuni. Akapapasa kioo, akaruka huku, akaruka kule, akajitangaza kingi.

"Umekula tatu," alisema Shangazi, vidole vyake vikihesabu zilizobaki. "Zote zako."

Ukumbi ulicheka. Katibu hakucheka, alikuwa kazini. Alifungua kalamu.

"Mheshimiwa, jina lako nianze na la ukoo?"

"Jina la nini?"

"Kifungu cha Saba."

"Wewe vipi? Mimi naona!"

"Kifungu hakitaji macho, Mheshimiwa. Uliyafuta mwenyewe kikao cha kumi na moja, ukasema yanabagua."

Mwalimu mwenye sifa alikuwa mmoja tu ukumbini. Katibu akamuuliza anahitaji vifaa gani.

"Mbao zangu zote thelathini," alisema Shangazi. "Mwanafunzi ni mzito."

Jumamosi iliyofuata ukumbi wa chama ulijaa kelele za kete. Mkurugenzi alikaa mbele ya shangazi yake, kitambaa machoni, akitafuta kishimo. Alipojaribu kuinua kitambaa kidogo, kofi jepesi likamshukia mkononi.

"Papasa," alisema Shangazi. "Usichungulie."