Rambirambi za Ulimi wa Zambarau

Jumatatu, 18 Agosti

Msiba mkubwa. Mkuu wetu wa shule, Mama Faustina, amefiwa na baba yake huko Mhezi. Marehemu alifundisha Kiingereza maisha yake yote, na aliacha neno kwamba rambirambi za walimu zisomwe kwa Kiingereza. Atakayesoma vizuri atapewa idara ya Kiingereza, hilo halihitaji kusemwa. Kiti kiko wazi tangu Januari! Mwalimu Justa akanyoosha mkono. Nikanyoosha yote miwili. Nikawaeleza walimu, kwa huzuni, kwamba Justa hawezi kutamka sauti ya "th": ncha ya ulimi ikae katikati ya meno, pumzi ipite kwa kusuguana. Yeye anauficha ulimi nyuma ya meno, inatoka "s". Nimepewa mimi. Justa akaniambia nisome tu kawaida. Wivu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimewafundisha Kidato cha Pili sauti ghuna na zisizo ghuna. Shika koo. "Z", koo linatetemeka. "S", limetulia. Darasa zima limejishika koo mpaka kengele. Fahari!

Jioni, mashaka. Je, ulimi wangu mwenyewe unafika kwenye meno? Wataalamu hupaka ulimi mkaa wenye mafuta, hutamka, kisha hutazama kwa kioo alama imebaki wapi. Mkaa unachafua. Nimetumia GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya kinywani. Meno ya mbele yote yamepata alama. Ushindi!

Jumatano, 20 Agosti

Haitoki. Nimesugua kwa chumvi, limau, tangawizi kali inayolimwa kule Mamba. Ulimi unawaka moto na bado ni zambarau. Mazishi kesho.

Nimefikiri kitaalamu. Sauti za midomo hazionyeshi ulimi: p, b, m, f, v, w. Nimejaribu kuandika rambirambi upya kwa hizo tu. Kiingereza hakina maneno ya kutosha. Imebaki "m" peke yake: midomo imefungwa, sauti inapitia puani. Sauti yenye heshima.

Alhamisi, 21 Agosti

Mhezi. Ukungu, nyimbo, watu wengi. Nikaitwa. Nikainamisha kichwa, nikatoa "m" ndefu.

Huko nyuma Kidato cha Pili wote wakajishika koo, wakatikisa vichwa kukubali kwamba ni ghuna. Wafiwa wakadhani ndiyo desturi ya marehemu, nao wakajishika. Mchungaji pia!

Justa akaja, akaichukua karatasi mkononi mwangu taratibu, akasoma. Kila "th" ikawa "s". Mama Faustina akalia sana. Akasema baba yake alitamka hivyohivyo, na kwamba hakutegemea kumsikia tena. Nami nikalia, kwa kweli, na mdomo ukafunguka. Mjane akauona ulimi. Akanipa pole, akaniita mwanangu, akaagiza nisipewe makande, niletewe uji.

Ijumaa, 22 Agosti

Justa amepewa idara. Nimeumia. Nilipokwenda kumpongeza akaniuliza hali ya ulimi, akanipa asali.

Nimelitafakari kosa langu kwa unyenyekevu na nimeliona: rangi. Zambarau inaonekana mno. Mwezi ujao wanakuja wakaguzi, na wa kuwakaribisha kwa Kiingereza hajateuliwa. Leo sokoni Same nimenunua rangi nyekundu ya vyakula, sawasawa na ulimi. Nimepaka, nimetamka "th" kwa nguvu zote, nimetazama kwenye kioo. Safi kabisa! Haionekani alama hata moja, si ulimini wala kwenye meno.