Mjomba Mwenye Ufunguo wa Stoo

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimerudia tena! Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, sufuria nzima, kisha korosho za sherehe ya Kelvin, mtoto wa dada yangu Bibiana, aliyeko jandoni. Njaa sikuwa nayo. Nilijifungia stoo, nikala harakaharaka huku najichukia. Kwetu mjomba ndiye mwenye shughuli, na ufunguo wa stoo ninao mimi. Dada kasema chakula kikipungua tena, ufunguo na shughuli anampa Mujibu, mtoto wa mama mdogo. Mujibu! Yule mwembamba mwenye maringo ndiye amtoe Kelvin jandoni? Bora nife.

Alhamisi, 5 Juni
Hospitali, Masasi. Nilitaka dawa ya minyoo. Daktari, binti mdogo tu, akauliza kama nakula kwa kujificha, na kama najuta baadaye. Nani kamwambia? Akasema huo ni ugonjwa, si ulafi. Machozi yalinilenga. Akaniandikia vidonge vya sonona! Nikasema huzuni sina, nina tumbo. Akasema huwasaidia baadhi ya watu kutuliza hamu, taratibu, wiki kadhaa, pamoja na mazungumzo naye. Nisiache bila kumwambia. Kidonge cha kichwani kinajuaje njia ya tumboni? Akacheka, akasema hata mabingwa bado wanachunguza. Basi na mimi nitachunguza!

Jumamosi, 7 Juni
Wiki kadhaa ni nyingi mno. Nimejaribia kwa mbuzi wa sherehe, kidonge ndani ya pumba. Nikakaa kumtazama hamu ikimtoka. Kala pumba. Kala kamba yake. Kala kanga ya dada. Mujibu kaona yote, mbio hadi kwa dada. Sasa hakuna anayetaka nyama ya mbuzi aliyemeza dawa za hospitali. Mujibu kaleta mbuzi wake, ufunguo kapewa yeye. Nimelia kweli.

Jumamosi, 5 Julai
Kelvin katoka jandoni, kang'aa! Vidonge nimemeza, kwa daktari nimerudi. Leo nimekula pilau sahani moja, nikabakiza nyama. Mimi! Hamu ilikuja, ikasimama kidogo, ikaondoka. Imekwenda wapi? Dada kaona, kanirudishia ufunguo mbele ya Mujibu. Raha iliyoje!

Ila swali haliniachi: hamu ikirudi, itapita njia ipi? Kesho simezi. Daktari nitamwambia baadaye. Nitajifungia stoo na korosho zilizobaki, nichunguze vizuri.