Injini ya Kumleta Mama Mkwe

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeoa! Najua harusi ilikuwa mwezi uliopita, lakini kila asubuhi nashtuka upya. Soipan akilala ana kishimo kidogo shavuni. Akiamka bado anacho. Mungu ni mwema.

Leo jambo la ajabu. Tulienda Kajiado kumsalimia mama yake kwa Starlet yangu, niliyoiosha mpaka chini ya matairi. Nilitaka kumwambia kwamba Jumapili ijayo pasta anabariki nyumba yetu hapa Kitengela, na kwamba nitakuja kumchukua mwenyewe. Nilimwambia kupitia ukutani, maana hakutoka. Nikapaza sauti kwa salamu ya Kimaasai ya kumwamkia mama, "Takwenya, Yeyo!" Akaitikia "Iko" kutoka jikoni. Kisha akamtuma Soipan aniambie ahsante sana, lakini kwenye hilo gari hapandi.

Kwa nini? Ni safi! Tulipokuwa tukiondoka alijifunika uso kwa leso. Nikatazama kioo. Moshi kidogo tu.

Njia nzima Soipan alitazama nje ya dirisha. Anatamani sana mama yake aione nyumba yake. Chozi moja, la jicho la kushoto. Sitaki kuliona la pili.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepata jibu! Siku za soko mama mkwe hupanda pick-up ya Hillary, kaka yake Soipan. Hupanda akicheka. Pick-up ya Hillary ina injini ya cc 2500. Starlet yangu ni ya 1300. Sasa hapo kuna siri gani?

Nikamwuliza Soipan kama ndivyo. Akacheka, akaniketisha, akanieleza kwa urefu mambo ya heshima ya kwao, mama mkwe na mkwewe, nani akae wapi na nani. Bangili zilikuwa zikilia kila akipunga mkono, na jua la dirishani limemwangukia shingoni. Mwishowe akauliza kama nimeelewa. Nikasema kabisa. Sikumbuki hata neno. Shingo ile!

Jumanne, 7 Oktoba

Kwa fundi Wahome, nyuma ya kituo cha mafuta. Ana injini ya 1800 iliyotoka kwenye gari la mizigo lililopinduka. Nikamwambia aitie kwenye Starlet. Akalizunguka gari mara kadhaa, akasema hiyo ni kutia moyo wa ng'ombe kwenye kuku. Nikamwambia kuku huyo ataenda haraka. Akaniuliza, kwa heshima, kama nyumbani kuna mtu wa kunishauri. Nikamwambia kuna malaika.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeuza friji tuliyopewa harusini, ndiyo ikalipa injini. Soipan aliporudi kazini akasimama akitazama pengo ukutani. Akauliza maziwa yatakaa wapi. Nikamwambia tutayanywa haraka, kwa kikombe kimoja. Niliona ni maneno matamu. Akalala akiangalia upande ule mwingine. Mgongo wake pia ni mzuri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Imeingia! Karibu yote. Wahome amekata vyuma, amechomelea vingine. Betri imehamia nyuma, kwenye buti la mizigo. Redieta imesogea mpaka ikagusa nambari ya gari. Boneti haifungi, tumeifunga kwa kamba ya manila. Pua imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji.

Lakini mngurumo wake! Mbwa wote wa mtaa wametoka. Wahome akaniambia nisipite gia ya tatu. Bado sijui kwa nini wataalamu hupenda kuogopa.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mimi na Soipan tukaenda Kajiado. Tulipoingia bomani nikakanyaga mafuta kidogo ili mama mkwe asikie. Mbuzi wakaruka ua. Kuku mmoja hajaonekana hadi sasa. Mama mkwe akaingia ndani akafunga mlango! Nikamwambia Soipan amweleze kwamba sasa ni 1800. Soipan akanitazama kwa muda mrefu. Macho gani hayo.

Kumbe Soipan alikuwa amempigia Hillary simu tangu jana. Hillary akafika na pick-up, na mama yake akatoka mbio, akapanda mbele, akafunga mkanda. Niliumia. Nikaamua kuwapita ili aone. Nikawapita kweli, gia ya nne! Hatujafika Isinya, kamba ya manila ikakatika. Boneti ikainuka ikafunika kioo chote. Nilikuwa naendesha kwa matumaini tu. Soipan akapiga kelele kwa Kimaasai. Nikafanikiwa kusimama kando ya barabara, na injini ikapumua mvuke, ikafa.

Hillary akatufunga nyuma ya pick-up kwa kamba ya kufungia fahali. Kisha akanivuta kando, akasema polepole kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, kwamba kwao mama hakai karibu na mume wa binti yake. Ni heshima. Hata ningeleta ndege hapandi. Akamalizia: "Shemeji, si gari. Ni wewe."

Nikahuzunika mpaka Isinya. Hapo nikaona jambo. Mama mkwe alikuwa amegeuka, akinitazama kupitia kioo cha nyuma, na mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alinitazama! Mara ya kwanza tangu harusi!

Tukafika. Pasta akabariki. Mama mkwe akakalia kiti chetu kikubwa cha sebuleni, nami wakaniweka nje na wazee. Dirishani nilimwona Soipan amelaza kichwa kwenye paja la mama yake, akilia, safari hii kwa furaha. Hapo nikaapa huyu mama lazima aje kila mwezi, na nitamleta mimi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sasa nimeelewa kila kitu! Hillary yuko sahihi, ni umbali. Jana tulitengana kwa kamba tu na akafurahi njia nzima. Shida ni kwamba aliyevuta ni Hillary.

Nimeenda kwa Wahome asubuhi na mapema. Nataka injini ya 2500, na trela. Wahome akavua kofia, akakaa juu ya tairi. Trela litakuwa na paa la turubai, na kiti kizuri kimefungwa katikati, mita nne nyuma yangu. Heshima tupu!

Kiti nimeshakipeleka kwa Wahome. Ni kile alichokalia jana, kwa hivyo amekizoea. Soipan anatoka kazini saa kumi na moja. Siwezi kungoja kuuona uso wake.