Lugembe Hakuhudhuria

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeumba mtu. Peke yangu, bila udongo, kabla ya saa nne asubuhi. Sijui mwingine Itetemia nzima aliyewahi kufanya hivyo, na mimi shule niliishia kidato cha pili.

Anaitwa Lugembe. Mrina asali wa Tura. Anayegusa mzinga wake anavimba tumbo mpaka vifungo vya shati vinaruka. Hayupo, ila hilo ni jambo dogo.

Sababu: wezi. Msimu uliopita walirina mizinga yote saba ya marehemu babu, wakatuachia nyuki wenye hasira. Nani atamwogopa mrina aliyekufa? Nimepanda miti yote na kisu. Nimekwangua alama ya babu, ile ya tangu enzi za misafara. Babu yake aliichora kwenye mzigo aliobeba kichwani mpaka pwani, usichanganyike na ya wenzake. Mistari mitatu, au minne, na kitu kama jicho. Mahali pake nimechonga nyoka aliyejikunja, alama ya Lugembe. Ametoka kama chapati, lakini chapati ya kutisha.

Bibi Recheli anataka ndoo moja tu ya asali kwa ajili ya tarehe 15, mwaka mmoja tangu tumzike babu. Wageni wale mihogo kwa asali ya mizinga yake mwenyewe. Nimemwahidi ndoo mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Lugembe nilimtaja mara moja tu, kwenye mashine ya kusaga. Jioni ana jicho moja. Sikumpa jicho moja mimi.

Jirani yetu Mfaume, ambaye hajawahi kuzidiwa habari na mtu, anadai alimwona stesheni ya Tura akila karanga. Nikamwuliza ni jicho gani lililopofuka. Akasema dogo, ungekuwa wewe ungepata wapi muda wa kukagua macho, ungekuwa umeshafika Dodoma kwa miguu. Watu wakacheka. Nimeudhika. Mtu ni wangu, halafu anayemjua ni Mfaume.

Na la mizinga wamelimaliza wenyewe: eti babu alimwuzia Lugembe kimyakimya kabla hajafa. Bibi ameniuliza mara mbili kwa nini mzee hakumwambia. Nikasema wanaume tuna siri zetu. Hakula ugali wake.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kurina. Moshi tayari, ndoo mbili, mwanamume mmoja. Niko juu ya mti wa kwanza, Mfaume huyo chini, anawaita watu kwamba Valentino anamwibia Lugembe. Nikafungua mdomo nimjibu. Nyuki akaingia.

Mdomo umekuwa kama andazi. Sasa wanasema uvimbe wa Lugembe umeanzia juu, unashuka tumboni taratibu. Watoto wa Mfaume wamekuja kuangalia vifungo vyangu.

Jumapili, 9 Juni

Kikao cha kikundi cha wafuga nyuki, ghalani, baada ya ibada. Mwenyekiti, Mzee Vedasto. Katibu, Batuli, na daftari lake. Bibi akakaa mstari wa mbele. Kanuni inajulikana: mwenye alama ndiye mwenye mzinga, na anayekwangua alama ya mtu anafukuzwa.

Nikatoa shikamoo, nikasema Lugembe hayupo. Mzee akauliza hayupo wapi. Nikasema hayupo popote. Akauliza ni nani huyo asiyekuwepo popote. Nikasema Lugembe. Akawageukia watu: kumbe anamfahamu.

Batuli akasoma mahudhurio. Kaandika, Lugembe: hakuhudhuria. Nikapinga. Mtu asiyekuwepo hawezi kuandikwa hakuhudhuria. Batuli akasema kaka Valentino, wanaohudhuria ndio nisiowaandika hivyo.

Nikawauliza nani kati yao amewahi kumshika mkono. Mfaume akatazama dari. Nikajua nimeshinda. Mzee akaniuliza mizinga ni mingapi. Saba. Akauliza hiyo saba nimewahi kuishika mkono, au kuiona ikishuka kwenye treni. Nikasema saba ni namba, mzee wangu. Akasema haya, nayo hatujawahi kuiona, lakini ukituibia mzinga mmoja tutajua haijatimia.

Shuleni hawakunifundisha hilo. Au walifundisha nikiwa nimeshaacha.

Nilikuwa na jibu moja la kumaliza kesi: nyoka nimemchonga mimi. Lakini wangeuliza kisu kilikuta nini pale. Bibi akasimama, akasema kama mume wake aliuza, yeye ataheshimu neno la mume wake. Akaketi. Nami nikaketi.

Jumanne, 11 Juni

Mwenye kuumba ndiye mwenye kuua. Asubuhi nimetangaza kwamba Lugembe amefariki. Ghafla, Tura, akila karanga. Nikasubiri niambiwe mizinga irudi kwetu.

Mzee Vedasto akampigia shemeji yake aliyeko Tura. Shemeji akasema yeye hakumfahamu marehemu ila anatoa pole. Mfaume amelia. Machozi kabisa. Anasema alikuwa mtu wa utani sana.

Halafu Batuli akafungua daftari la kanuni: mizinga ya marehemu haiguswi mpaka arobaini ipite na mrithi ajulikane. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia. Tarehe 15 iko Jumamosi hii.

Mtu hajazaliwa, lakini ana msiba mkubwa kuliko wa mjomba wangu.

Jumamosi, 15 Juni

Wageni wamekuja. Mihogo ilikuwepo. Asali imeletwa na Mfaume, ndoo moja, ya mizinga yake, akamwambia bibi pole mama, jirani ni jirani. Nililamba. Tamu. Nikasema ina ladha ya moshi.

Sijashindwa, iandikwe hivyo. Lugembe alikuwa na mpwa. Kijana mzuri wa sura, ana akili nyingi, anakaa Itetemia. Wosia nimeshauandika, nimeuloweka kwenye chai uonekane wa zamani, na arobaini ikiisha nausoma ghalani mbele ya Batuli. Wakitaka shahidi, Mfaume atakumbuka kwamba alikuwepo.

Kuna jambo moja tu. Jioni bibi alikuja na kalamu na kikaratasi. Fundi anasakafia kaburi Jumatatu, na bibi anataka alama ya babu iwekwe kwenye saruji. Yeye msituni hakuwa akienda. Akasema mchoree wewe, wewe ndiye uliyepanda naye miti.

Nikachora mistari mitatu na jicho. Haikuwa hiyo. Nikachora minne, jicho juu. Nikachora minne, jicho chini. Bibi akakipokea kikaratasi, akauliza ni ipi kati ya hizi. Nikamwambia ya katikati.

Lugembe naweza kumpa mpwa, mke wa pili na jicho la pili akilitaka. Alama ya babu niliikwangua kwenye mizinga yote saba, na sikuinakili popote kwanza.