Mbrazili wa Kongowea

Lenox alikuwa na kipaji ambacho serikali haikukitambua: mpe chai na mahamri mawili, atakuanzishia taasisi. Asubuhi hiyo, katika mkahawa mmoja wa Mjambere, alimsikia Bi Mwanatabu, muuza vitunguu kwa jumla katika soko la Kongowea, akimlalamikia mwenye mkahawa.

"Nasreen wangu yuko mwaka wa mwisho, asoma biashara. Mara mbili ameomba ile safari ya masomo ya siku kumi ng'ambo, mara mbili wamemkatalia. Akikosa na mara hii, basi tena."

Hamri la kwanza lilipoisha, taasisi ilishapata jina. La pili lilipoisha ilikuwa na mratibu, naye alikuwa akijifuta mafuta vidoleni.

"Shikamoo, Mama Nasreen. Samahani, nimesikia bila kukusudia. Mimi ni mratibu wa Mabadilishano ya Kimataifa ya Wanabiashara Vijana. Wa kwetu huenda Brazili, wa kwao huja huku. Ada ni elfu themanini tu, na nafasi imebaki moja."

Tumtendee haki: hakuna nafasi iliyokuwa imechukuliwa.

"Marahaba, mwanangu. Kwa hivyo ni kubadilishana?"

"Naam, mama."

"Basi nimwone wa kwao kwanza."

Kongowea hakuna anunuaye gunia kabla halijafunguliwa na mkono kuzamishwa hadi chini. Ikabidi Lenox atafute Mbrazili. Alimpata Port Reitz, jina lake Wafula, mbeba mizigo asiye na kazi mwenye koti moja zuri. Sharti lilikuwa moja: asiseme neno.

Kibandani mwake sokoni, Bi Mwanatabu alimzunguka Mbrazili mara mbili. Akamgeuza viganja. Akamwekea sahani ya biriani, na mgeni akaimaliza kwa mkono bila kudondosha hata punje.

"Wabrazili wala vizuri," akasema Bi Mwanatabu.

"Hupewa mafunzo kabla ya safari," akajibu Lenox.

"Nimemkubali. Ada utaipata Nasreen akinipigia simu kutoka huko. Wewe kaa kitako hapo guniani."

"Mimi? Mama, nina ofisi!"

"Ofisi si hiyo simu yako? Hapa sokoni dalali hukaa na mzigo mpaka ufike. Ama wewe si dalali?"

Mahamali wanne walisimamisha mikokoteni ili wasikie jibu. Lenox akakaa kitako. Jioni hamali aitwaye Mwarandu alimsindikiza hadi kwake Changamwe, na alfajiri Lenox akamkuta mlangoni akimngoja, na salamu za heshima.

Siku ya tatu Lenox aliuona ukweli wote: hatatoka guniani mpaka msichana afike Brazili kwelikweli. Akatafuta simuni, akapata chuo huko Santos, mji wa bandari, kinachoalika wanafunzi wa biashara kwa siku kumi, na tiketi kikilipa chenyewe. Nasreen akamletea barua zake za zamani za maombi, zile zilizokataliwa.

"Mbona hapa unaomba radhi kwa kuomba?"

"Ni adabu, kaka."

"Adabu! Nani hupatana bei na madereva wa malori alfajiri?"

"Mimi."

"Nani alianza kuwauzia wakaanga bajia vitunguu vilivyochubuka, kabla havijaoza?"

"Mimi, lakini..."

"Lakini futa."

Lenox akaandika barua mpya. Kwa mara ya kwanza maishani alisifu kitu kilichokuwepo, kwa ulimi uleule aliozoea kusifia visivyokuwepo. Alipomaliza alikuwa analia. Alisema ni vitunguu.

Wiki ya tano Santos wakajibu: karibu. Nasreen akasafiri, na keshokutwa yake simu ikalia.

"Mama, nimefika! Bandari yao yanuka kama yetu!"

Bi Mwanatabu akalia mbele ya soko zima, hakuficha uso.

Lenox akajikohoza. "Na ada, mama?"

"Ada ya nini? Umeleta mmoja, umepeleka mmoja. Tumelingana."

"Lakini yule..." Sentensi ile haikuwa na mwisho usiomfunga mwenyewe.

"Yule ni Wafula. Aliwahi kunibebea magunia miaka miwili. Wallahi nilimjua kabla hajanawa mikono."

Lenox akamgeukia Wafula, ambaye sasa alikuwa akimpimia mteja vitunguu. "Nawe hukuniambia?"

"Ulinikataza kusema."

"Mwanangu alikuwa na kila kitu ila mtu wa kumsemea," akasema Bi Mwanatabu. "Nilipokusikia mkahawani nikajua ulimi nimeupata. Kazi ilikuwa kuukalisha."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi; Mwarandu mwenyewe alikuwa amesogeza mkokoteni. Lenox akainuka. Lakini mbele yake walishasimama mama watatu, kila mmoja na bahasha ya mtoto wake, na wa mbele, muuza nazi, alikuwa akimnyooshea yake.

"Ni ya Jalila wangu," alisema polepole. "Ni mwerevu, ila ana haya."

Lenox akaitazama njia. Akaitazama bahasha. Kisha akarudi guniani, akajisogeza mpaka akakaa vizuri.

"Huyu Jalila," akauliza, "anataka nchi gani?"