Pikipiki Inayovuta Mkono wa Kike

Likasi, Kikula, Jumamosi tarehe 11 Juni 1994

Kwa Baba Mkubwa Benoît,
Mkubwa wa ukoo wetu, Kiongozi wa Kikundi cha Maombi, na Mchunguzi wa Pikipiki kwa Macho Yaliyofumbwa

Baba Mkubwa mheshimiwa,

Kabla ya salamu naomba nikutolee siri ambayo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata padri: ninajua pikipiki ya Papa inaumwa nini. Sikusema kwa sababu mimi, kama unavyonijua, nikisimama mbele ya watu wazima ulimi unanata kama bukari wa jana chini ya sufuria. "Adrienne iko bubu," ulisema Jumapili iliyopita, watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa adabu. Basi leo bubu anaandika. Masista wamenifundisha Kifaransa cha kuandikia wakubwa, lakini nimechagua Kiswahili ili usije ukasema hukuelewa.

Nianze kwa kukushukuru kwa hukumu yako. Ulikaa kwenye kiti chetu kimoja chenye mikono. Papa akakueleza kwamba pikipiki inavuta kushoto: imemtupa mtaroni, imemtupa juu ya meza ya nyanya ya Mama Chérie, na mara ya mwisho imemwumiza mguu kwenye barabara ya Mulungwishi, na unga wote ukamwagika. Wewe ukafumba macho.

"Inavuta wapi?"
"Kushoto, yaya, mukubwa yangu."
"Kushoto ni mukono gani?"
"Ni mukono wa kike."
"Basi umejijibu, Joachim. Iko mwanamuke anaivuta."

Kisha ukafumbua macho, nayo yakatua moja kwa moja juu ya Nkambo Rosalie, mama wa mama yangu, aliyekuwa pembeni akichagua maharagwe. Kesho baada ya misa mtakaa tena mthibitishe, na Jumatatu apandishwe lori la makala ya kupikia arudi kijijini, ambako nyumba yake imeanguka na hakuna mtoto wake aliyebaki wa kumchotea maji. Mama anapika tu, na chumvi anaitia mara mbili.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naleta malalamiko yangu kwa mpango.

1. Juu ya nguvu. Nkambo hawezi kuinua beseni la nguo mpaka nimsaidie. Akifungua chupa ya mafuta ananiita. Lakini umegundua kwamba anaweza kuvuta pikipiki ya Kijapani yenye mwanaume mmoja na magunia mawili. Mwenyewe aliposikia hukumu alisema, "Minye nikuwe na nguvu ya kuvuta pikipiki? Ningeanza na ndoo ya maji." Ukasema kejeli ni dalili ya ulozi. Naogopa basi kwa ajili yangu, maana nimekwisha kuandika ukurasa mzima.

2. Juu ya umbali. Papa alipoanguka njia ya Mulungwishi, Nkambo alikuwa hapa Kikula amelala, anakoroma, ninaweza kuapa. Maana yake anavuta kutoka mbali, tena usingizini. Baba Mkubwa, mtu wa namna hiyo unampeleka kijijini kufanya nini? Nchi inamhitaji! Treni zimelala kituoni hazina wa kuziondoa. Naomba umwandikie mkubwa wa reli kwamba sisi tunaye bibi mmoja, hali chakula kingi, aketi tu Likasi na kuvuta mabehewa. Wakati wa jua, maji ya mto Lufira yakipungua, apelekwe Koni akazungushe mitambo ya umeme, nasi tusome na taa usiku. Naye akichoka, apumzike kwa kuvuta pikipiki ndogo za jirani.

3. Juu ya kitabu. Pikipiki ilikuja na kitabu chake cha Kifaransa. Papa alikiweka chini ya mguu wa meza ili isitikisike, mimi nikakitoa na kuweka tofali. Kuna ukurasa mzima juu ya pikipiki inayovuta upande mmoja. Nimeusoma mpaka nimeujua kwa moyo. Wameandika upepo wa tairi, gololi za shingo ya usukani, miguu ya mbele iliyopinda, magurudumu yasiyofuatana. Belle-mère, yaani mama mkwe, hayumo. Nikafikiri labda Wajapani hawana wakwe, nikafungua ukurasa wa nyuma, na hata huko hayumo.

4. Juu ya vipimo. Hapa nitaandika kirefu, univumilie.

Papa akirudi kutoka Mulungwishi kununua unga hulala mchana, na jirani yetu Abedi, dereva wa lori, huniachia pampu na vyombo vyake bila kuuliza. Kwanza nilipima tairi. Upepo ulikuwa sawa. Pili nikamwita Fatou, binti yake Abedi, akakaa nyuma kabisa ya pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi, mpaka gurudumu la mbele likaning'inia. Nikageuza usukani polepole, kushoto na kulia. Kama gololi za shingoni zimekufa, mkono unasikia mahali pa kukwama, kama jiwe ndani ya wali. Haukukwama. Nikashika miguu ya mbele kwa chini, nikaivuta na kuisukuma. Haikugonga. Nikabana gurudumu kati ya magoti yangu na kutazama usukani, na ulikuwa umenyooka kuliko benchi la kanisa letu.

Mwisho nikachukua kamba ya kuanikia nguo. Nakiri kwamba ni kamba ya Nkambo. Kwa hiyo ni kweli, alihusika. Nikaizungusha nyuma ya gurudumu la nyuma na kuivuta mbele pande zote mbili hadi gurudumu la mbele. Magurudumu yakifuatana, kamba hupita sawasawa huku na huku. Upande mmoja ilibusu tairi la mbele. Upande wa pili kidole changu kilipita bila kugusa kitu. Nikainama kwenye ekseli ya nyuma. Kila upande kuna mistari midogo ya kupimia, na ncha ya kulia ilikuwa imevutwa nyuma kuliko ya kushoto. Gurudumu la nyuma linatazama kulia, linataka kwenda kwake. Matako ya pikipiki yanakwenda kulia na kichwa kinakwenda kushoto. Umeona mbwa anayekimbia upande-upande? Ndiyo hiyo. Nilimwonyesha Abedi, akajifuta mikono, akasema, "Chuma haina mukwe, mutoto yangu. Ukimukaza vibaya, anakwenda vibaya."

5.

Naomba radhi kwa unga ulio juu ya namba hii. Kuna mtu alipita, nikaficha karatasi chini ya sinia la unga. Ni Mama alikuwa anatafuta kisu.

5. Juu ya aliyekaza. Gurudumu halijikazi lenyewe. Tangu Papa anunue pikipiki, gurudumu la nyuma limetolewa mara moja tu: wakati wa Pasaka, mtu mmoja alipoiazima kwenda kilioni Kambove, tairi likatoboka njiani. Mtu huyo alirudi anajisifu mbele ya watu wote, akiwa na soda mkononi: "Minye mwenyewe nilitoa gurudumu, minye mwenyewe nikarudisha! Fundi wa nini?" Jina lake sitalitaja, kwa sababu ya heshima niliyo nayo kwako. Alikaza nati ya kulia, ile inayovuta ekseli nyuma, kwa nguvu zake zote za kiume, ya kushoto akaikumbuka kidogo. Pikipiki iliyopinda na Nkambo Rosalie waliingia nyumbani kwetu wiki ileile. Mmoja kati yao alishukiwa.

6. Juu ya kushoto kwenyewe. Kama kila kinachoelekea mkono wa kike kina mwanamke anayekivuta, naomba ukoo uchunguze vitu vifuatavyo: kiatu chako cha kushoto, ambacho kisigino chake kimeliwa, saa yako, unayoivaa mkono huohuo, nayo inachelewa, na pete yako ya ndoa. Nchi nzima inavuta upande mmoja tangu mwaka ule wa uporaji wa askari, na sijasikia kwamba wanamtafuta nkambo wa mtu. Wanatafuta, nadhani, nani alikaza nati.

7. Hili si la kucheka. Mwaka jana tulisimama kituoni, wewe na mimi, tukawatazama majirani zetu wenye asili ya mkoa mwingine wakipandishwa mabehewa na magodoro yao, kwa sababu walikuwa wameambiwa "rudini kwenu". Mzee mmoja alikuwa ameshika mlango wa nyumba yake, mlango peke yake, ameung'oa. Wewe ulivua kofia, ukasema, "Hii ni haya kubwa." Niliyashika maneno hayo. Ndiyo sababu nimeandika. Lori la makala ni dogo kuliko treni, lakini mlango ni uleule.

Kwa hayo yote naomba moja kati ya mambo mawili. Au Nkambo abaki kwetu na mkutano wa kesho ule maharagwe aliyoyachagua na kunyamaza. Au, kama hukumu haiwezi kurudi nyuma, apewe barua ya kazi ya reli, yenye muhuri, pamoja na koti la kazi, maana Juni hii ni baridi.

Nakuaga nikipiga magoti, kwa kuwa meza imechukuliwa na mashine ya kusaga ya Mama. Nisalimie Mama Mkubwa Eugénie, ndugu zangu wote, kikundi cha maombi na mbuzi wenu. Nkambo naye anakusalimu. Anauliza kama tumbo lako limepona, na anasema utafute majani ya mpera.

Mimi mtoto wako mtiifu, bubu,
Adrienne

N.B. Nafuta yote niliyoandika hapo juu, Baba Mkubwa. Nilikosea.

Leo mchana niliazima spana za Abedi, nikalegeza ekseli, nikarudisha ncha ya kulia mbele. Kumbe nimezidisha kidogo. Papa aliijaribu mpaka sokoni, akarudi, akamwambia Mama, "Maombi ya yaya yamefanya kazi, haivuti tena kushoto. Lakini sasa inavuta kuume." Kidogo tu, haiwezi kumwangusha mtu, ila aliyekaa nyuma ataisikia. Kesho Papa anakuja kukuchukua kwa mkutano, basi utaisikia mwenyewe.

Ndipo nikaelewa kwamba wewe ulikuwa na haki, na kitabu cha Wajapani ndicho kijinga. Upande una maana kubwa sana. Kuume ni mkono wa kiume: iko mwanaume anaivuta. Wanaume wakubwa wa ukoo huu ni wawili. Papa ndiye mwenye kuiendesha, naye mtu hawezi kujivuta mwenyewe. Hesabu nakuachia wewe, unayejua kufumba macho. Lori la makala linaondoka Jumatatu asubuhi, na nafasi ya Nkambo bado haijachukuliwa na mtu.

Nusu mzunguko wa nati ingetosha kuinyoosha. Nitaizungusha kesho, baada ya kusikia mkutano umesema nini.

Nasikia hatua mlangoni. Ni Papa, mguu mmoja unaburuta. Anakuja kuchukua ufunguo wa pikipiki akuletee gunia lako la unga. Hajui kwamba ninajua kushika spana, hajui kwamba nimekuandikia. Sinia liko hapa karibu, na unga upo wa kutosha kufunika karatasi.

Siifichi. Naiweka mezani, kando ya mashine ya Mama, imefunguliwa, juu ya ufunguo.