Kakuma Imehamia Brazili

Jumatatu, 3 Machi

Madam Rael, mwalimu wetu wa kompyuta, ametangaza: atakayerekebisha saa za "Maji Leo" ndiye atakayepanda gari la shule Ijumaa kwenda maonyesho ya Lodwar. Nafasi ni moja. Sijawahi kufika Lodwar. Nimeomba Mungu kabla Madam hajamaliza sentensi.

"Maji Leo" ni programu ya wavuti ya klabu yetu ya kompyuta. Unaifungua kwenye simu, inakuambia leo maji yanatoka bomba lipi, la kanisani au la shuleni, na saa ngapi. Shida ni kwamba maji ya saa moja asubuhi inayaandika "saa 7:00". Wiki iliyopita mama alienda saa saba mchana. Bomba kavu.

Epuyo, mwenzangu wa klabuni, ameanza kuandika hesabu ya kugeuza saa. Mistari mingi kama nywele za mbuzi. Maskini! Mimi nina akili nyingine: faili ya mipangilio. Ndani yake kuna mstari mmoja unaoiambia programu nzima iko mji gani.

Jumanne, 4 Machi

Mji nimeupata! São Paulo, Brazili. Wako saa sita nyuma yetu. Kwetu kompyuta ikisema 7, kwao inasema 1. Saa moja kamili! Nimefuta Nairobi, nimeweka São Paulo. Ratiba yote imejigeuza yenyewe.

Madam ametufundisha kwamba faili za mipangilio ni mbili: ya majaribio, na ile inayotumiwa na watu. Tubadilishe kwanza ya majaribio, tuangalie asubuhi, mchana na jioni. Nimeangalia mchana. Mchana ni mzuri sana. Nimebadilisha ya watu.

Epuyo ameuliza nacheka nini. Nimemwambia ni siri ya kimataifa.

Jumatano, 5 Machi

Aibu! Mama na majirani wameamka saa kumi na moja alfajiri, wameangalia simu, wamebeba mitungi hadi bomba la kanisani. Maji yalikuwa shuleni. Saa hiyo Brazili ilikuwa bado Jumanne! Programu ilikuwa inatangaza maji ya jana bila wasiwasi wowote.

Mama hakunigombeza. Aliweka mtungi mtupu mlangoni, akaukalia.

"Nyibol," akasema, "mwambie huyo mtoto wako wa kompyuta leo ni Jumatano."

Kisha akanipa uji. Mzito sana. Maji hayakutosha.

Madam amerudisha Nairobi kwa mkono wake mwenyewe. Epuyo amenisalimia kwa Kiturkana mbele ya darasa zima: "Ejok, Mbrazili?"

Alhamisi, 6 Machi

Hesabu ya Epuyo inafanya kazi. Ameijaribu asubuhi, mchana na jioni, polepole kama mtu anayetoa miiba kwenye unyayo. Nafasi ni yake. Nimempongeza. Kisha nimeenda kulia chooni, lakini joto la mabati limenitoa mapema.

Jioni Madam amekuja nyumbani. Amesema Epuyo hataki kwenda peke yake. Eti wakubwa wakimuuliza swali atanyamaza tu, na Mbrazili huongea kwa niaba ya watu wawili. Vifaa vitabanwa, nitapata pa kukaa.

Mama amefua sare yangu kwa maji ya kunywa.

Ijumaa, 7 Machi, Lodwar

Lodwar! Kuna lami, na Mto Turkwel una maji yasiyo na ratiba. Nimeutazama mpaka Madam akaniita.

Ameniambia nisiguse mipangilio. Nimeahidi, na nilimaanisha kabisa.

Mgeni rasmi amechelewa, atakuja kesho saa moja jioni. Epuyo amekwenda kutununulia chai, ameniachia kompyuta. Nikaitazama ile mistari yake, nikamhurumia. Mistari yote hiyo ya kutunza! Ndipo nikaona kosa langu la Jumanne. Nilirudi nyuma. Ilinipasa kwenda mbele!

Tokyo. Saa sita mbele yetu. Kwetu ikiwa 7 asubuhi, kwao ni 1 mchana. Saa moja! Na alfajiri yetu kwao ni siku ile ile. Mama hatapotea tena.

Nimefuta hesabu ya Epuyo, iwe zawadi kwake. Nimeweka Tokyo, moja kwa moja kwenye faili ya watu. Nimeangalia asubuhi. Asubuhi ni nzuri sana. Jioni nitaiangalia kesho.

Sasa hivi ni saa moja jioni. Huko Tokyo, kesho imeshafika.